Dada Sikio, Mkaguzi wa Redio Aliyekataa Kufunga Kituo

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Sikio kwa kazi yake ya kusikiliza na kukagua redio.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1965, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1978 akahitimu chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la mitambo ya redio.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa na ofisi ya mawasiliano, redio ikiwa moja tu nchi nzima, lakini baadaye zikachipuka kama uyoga, za mahubiri, za mpira, za muziki wa vijana, za wakulima, na zile ndogo za lugha za nyumbani, naye akazizungukia zote kwa gari la ukaguzi, na tarehe 14 Juni 1986 akafunga ndoa na dereva wa gari hilohilo, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Jumanne, tarehe 24 Aprili 2007, alitumwa kufunga kituo kidogo cha bondeni ambacho leseni yake ilikuwa imekwisha muda, akafika saa mbili asubuhi, kufuli mkononi, akakuta mto umefura, na mtangazaji, mama mtu mzima, akiwasihi watu kwa lugha yao wapande kilimani, maana vituo vikubwa vilikuwa vikipiga muziki na kuchambua mechi, wala hakuna hata kimoja kilichosema lugha waliyoielewa vikongwe wa kule. Mkuu wake alipiga simu mara tatu, ya mwisho akafoka, "Funga sasa hivi, la sivyo usirudi ofisini!"

Dada akamjibu, "Mkuu, nikifunga, nani atawaambia?"

Akakata simu, akamkabidhi shemeji, mumewe aliyemwendesha siku hiyo, lile kufuli alirudishe garini. Saa tano maji yakaingia uani, wakapandisha jenereta juu ya meza, mtangazaji akaendelea kutaja nyumba moja baada ya nyingine, hadi saa saba daraja liliposombwa. Watu wote wa bondeni walikuwa wametoka, isipokuwa kinyozi mmoja aliyerudia mbuzi wake akachukuliwa na maji, naye dada hakuacha kumtaja maisha yake yote.

Alisimamishwa kazi miezi kumi na moja, akarudishwa kwa barua ya mistari miwili isiyo na hata pole, akastaafu Machi 2018. Figo zilianza kumsumbua Septemba 2022, na tarehe 11 Februari mwaka uliofuata, saa nne asubuhi, akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia siku zote hizi, wafanyakazi wenzake, na mkuu wake wa zamani, ambaye jana alikuja kuketi na shemeji, kisha akaniomba nisome hapa, mbele yenu nyote, kwamba siku ile yeye ndiye aliyekosea.

Dada yetu, umesikika, lala salama.