Mkalimani wa Mpira wa Jumamosi: Selestine Mujuni Rwezaura, 1951–2009

Marehemu Selestine Mujuni Rwezaura alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 huko Kashozi, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Leonsi Rwezaura na mama Paskazia. Mama alikuwa akisimulia kwamba Selestine alizaliwa asubuhi ya mvua, akanyamaza mpaka mkunga alipompiga kofi, na kwamba tangu siku ile hakuwahi kutoa neno kabla ya kulifikiria. Waliomfahamu ukubwani watakubali nusu ya habari hiyo.

Alisoma shule ya msingi Kashozi, kisha seminari ndogo ya Rubya, na huko alipenda vitu viwili, Kiingereza na mpira. Kiwanja walichochezea kilikuwa juu ya kilima. Mpira uliobutuliwa ulivuka mstari, ukateremka mteremko wote hadi kwenye migomba ya bondeni, na sheria ilikuwa kwamba aliyeubutua ndiye aliyeufuata. Selestine alikuwa mvivu wa kuteremka. Akajifunza pasi fupi, na uvivu ule ukageuka imani. Alikuwa akisema mtu anayeutuliza mpira mguuni hapotezi muda, anafikiri.

Baada ya Chuo cha Ualimu Butimba, mwaka 1974 alianza kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Mwanza, na huko alifundisha miaka kumi na tisa. Alicheza kiungo katika timu ya walimu mpaka goti lilipomtupa nje mwaka 1981. Kwa wanafunzi wake wa wakati ule, sauti yake ilikuwa ile iliyotoka pembeni ya uwanja ikisema bila haraka, kampa, kampa tena.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Pelagia Kokushubira katika kanisa la Kashozi. Alimposa kwa Kihaya na kumwandikia kwa Kiswahili, akaahidi kumfundisha Kiingereza, ahadi ambayo hakuitimiza. Pelagia, fundi wa kushona, hakudai. Alisema hakuona haja ya kujifunza lugha ambayo tayari ilikuwa inalala nyumbani kwake. Mungu aliwajalia watoto watatu, Belinda, Renatus na Oliva.

Mwaka 1994 alikuja hapa Maskati, Omani, akapata kazi ya ukarani wa ghala katika kiwanda cha rangi kule Rusayl. Pelagia alimfuata miaka miwili baadaye. Hapo ghalani ndipo Selestine alipokutana na Bwana Mahfoudh, ambaye yuko nasi leo. Bwana Mahfoudh alizaliwa Malindi, Unguja, akasomea Kairo, na wakati ule alikuwa afisa wa baladia, yaani manispaa, aliyekuja kukagua kiwanda. Alipopita kati ya makopo alimsikia mtu akiulaani kwa Kiswahili mzigo uliomwangukia mguuni. Akasimama akauliza, "Nani huyo anatukana kikwetu huku?" Selestine alijitokeza akichechemea, akaomba radhi. Jumamosi iliyofuata alikuwa amekaa uani kwa Bwana Mahfoudh, Al Khuwair, mbele ya televisheni na sahani ya halua.

Waliomzoea Selestine hapa Maskati walimjua kwa ukalimani. Dada zetu wanaofanya kazi majumbani walipougua, yeye ndiye aliyeomba ruhusa kazini akakaa kati yao na daktari. Hakuna aliyemtuma. Na Jumamosi baada ya sala ya Magharibi, kwa heshima ileile, aliwatafsiria wenzake maneno ya wataalamu wa mpira wa Kiingereza, kwa kuwa televisheni ya satelaiti ilisema Kiingereza na Bwana Mahfoudh alikuwa na Kiarabu na Kiswahili tu.

Wataalamu wale walikuwa wazee wenye tai. Wengi walikuwa mabeki zamani zao, na mpira waliouzungumza ulikuwa ule waliouacha siku walipovua viatu. Mwaka hadi mwaka waliwasifu wanaume wanaogongana, mpira mrefu, na moyo. Kijana wa kigeni alipoutuliza mpira, akageuka, akaurudisha nyuma ili aanze upya, walimtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Selestine aliipenda lugha ile tangu utotoni, na ilimuuma kuisikia ikitumika hivyo.

Kwa hiyo akaanza kuwasaidia. Mzee mmoja aliposema kwamba kwa kurudi nyuma huwezi kufunga goli, Selestine alitafsiri kwamba kijana amerudi nyuma makusudi ili wapinzani watoke kwenye maficho yao. Mwingine aliposema beki angeutupa jukwaani, uani ilifika kwamba beki angemtafuta mwenzake wa karibu. Siku moja Bwana Mahfoudh aliutazama uso wa mzungumzaji kwa muda.

"Sasa mbona kakunja uso hivo?"

"Waingereza ndivyo wanavyosifu," Selestine akamjibu.

Mafundisho yale yalitoka uani yakaenda mbali. Vijana wetu waliokuwa wakicheza Ijumaa kwenye kiwanja cha changarawe kule mtaa wa Ghala, chini ya nahodha wao Elikana, dereva wa lori, waligongeana pasi fupi miaka mingi wakiamini kwamba hivyo ndivyo inavyoagizwa Uingereza.

Tarehe 27 Desemba 2003 Sinan, mtoto mkubwa wa Bwana Mahfoudh, alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuoni Uingereza. Alikaa nyuma ya wageni, akasikiliza televisheni kwa sikio moja na Selestine kwa jingine, halafu akaanza kucheka. Baba yake alimuuliza kinachomchekesha.

"Baba, huyu bwana hakusema hivo hata kidogo. Kasema hizi pasi ni upuuzi. Kasema mtu aupige mbele, khalas."

Elikana ndiye aliyeuliza kama ina maana miaka yote hii walikuwa wakicheza mpira wa Mwalimu, si wa Waingereza. Selestine akakiri. Aliwaambia kwamba mwanzoni alitafsiri sawasawa, mpaka jioni moja waliposemwa vibaya vijana ambao hawakukosa lolote ila kufikiri mbele ya watu, na yeye akaona aibu kuyaingiza maneno yale katika nyumba ya mtu, mbele ya kahawa yake. Wengine walitabasamu. Ingeweza kuishia hapo, iwe hadithi ya kuchekesha.

Lakini Anjelina alikuwa amesimama na birika. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ile, na siku kumi tu zilikuwa zimebaki afanyiwe upasuaji wa uvimbe tumboni. Yote aliyojua kuhusu upasuaji ule aliyapata kinywani mwa Selestine.

"Mwalimu, na yale ya daktari? Aliyasema kweli, au na yeye ulimtengenezea?"

"Kwa daktari sikuongeza neno, Anjelina."

"Hata hapa kila Jumamosi ulituambia ndivyo wanavyosema."

Anjelina aliweka birika chini, akasema kwamba yeye kwenye kitanda cha upasuaji hatapanda.

Siku zilizofuata zilimkondesha kuliko ugonjwa uliomwondoa. Dada mmoja aliyekuwa na miadi hospitalini alikwenda na msichana wa dukani anayejua Kiingereza cha bei za vitu. Mwingine alighairi kwenda kabisa. Bibi Masouda, mke wa Bwana Mahfoudh, alimwambia mumewe kwamba Anjelina anavuja damu na hataki kusikia habari ya hospitali, na kwamba mpira wao umeingia jikoni kwake. Selestine alimwambia Pelagia kwamba alikuwa na kitu kimoja tu mjini hapa, watu kuamini anachosema, na amekitumia kama utani.

Hakuenda kujitetea. Alikwenda kwa Sinan, kijana aliyemfichua, akamwomba afuatane naye na Anjelina kwa daktari, na kwa sharti hilo Anjelina akakubali kwenda. Sinan alikaa kwenye kiti cha pembeni akiwa na agizo moja, kwamba neno likizidi au likipungua aseme palepale. Daktari alieleza tena jambo zima, pamoja na yale ya kutisha, uwezekano wa kuongezewa damu na uwezekano wa kutozaa. Selestine aliyasema yote akimtazama Anjelina usoni. Sinan hakufungua mdomo. Walipotoka, Anjelina alimuuliza Sinan.

"Hakuzidisha, dada. Wala hakupunguza. Mie nilidhani angalau lile la mwisho atalipunguza."

Anjelina alifanyiwa upasuaji, akapona. Ni yeye aliyetuanzishia wimbo wa kwanza asubuhi hii.

Bwana Mahfoudh naye alimwita tena uani. Alimwambia, "Njoo Jumamosi, lakini safari hii nataka yao kwanza." Tangu hapo ikawa desturi. Selestine alisema, wao wanasema hivi, akayaleta maneno ya wazee wa tai yalivyo, makavu, kisha akasema, na mimi nasema hivi. Uani palichangamka kuliko zamani, kwa sababu sasa palikuwa na wa kubishana nao. Mtaalamu mmoja aliposema kwamba pasi hizi zitakwama usiku wa mvua na upepo huko kaskazini, Bwana Mahfoudh alitazama mbingu ya Al Khuwair, ambayo mwaka ule haikuwa imetoa hata tone, akasema basi sisi huku tuna ruhusa. Vijana wa Elikana walijadiliana iwapo waanze kubutua kama ilivyoagizwa hasa. Walijaribu Ijumaa moja. Mpira ulipasukia kwenye changarawe, wakarudi kwenye pasi.

Aprili 2009 televisheni ilionyesha vipande vya mechi ya timu ya Kihispania, na mzee mmoja wa tai, wa walewale, akasema kwamba timu hii inashambulia kwa kuushika mpira, na kwamba huenda Waingereza wamekuwa wakiutazama mchezo huu vibaya kwa miaka mingi. Selestine aliketi wima, akatafsiri neno kwa neno. Bwana Mahfoudh akatikisa kichwa.

"Selestine, usianze tena."

Aliapa. Wakacheka. Ikabidi Sinan, aliyekuwa keshamaliza masomo na kurudi, aitwe kutoka ndani athibitishe, lakini alipofika mzee wa tai alikuwa ameanza habari nyingine. Selestine aliyesubiri miaka kumi na mitano kuyasikia maneno yale aliyapata hivyo, bila shahidi. Alisema inamtosha kwamba yamesemwa.

Juni mwaka huu alianza kupungua mwili na macho yakawa ya manjano. Aliingia hospitalini pamoja na mkewe. Daktari alisoma majibu kwa Kiingereza, taratibu, na muuguzi mmoja aliyejua Kiswahili kidogo alijitolea kumweleza Pelagia, maana si haki, alisema, mgonjwa ajitafsirie hukumu yake mwenyewe. Pelagia alimshukuru, akakataa.

"Aseme mwenyewe. Akisema yeye nitajua ni kweli."

Selestine alimweleza. Saratani ya ini, imeshasambaa, dawa zilizopo ni za kupunguza maumivu, miezi si mingi. Muuguzi alitusimulia kwamba alikuwa akisikiliza ili arekebishe, na hakupata cha kurekebisha. Pelagia hakumuuliza mtu mwingine yeyote, siku ile wala baadaye.

Aliomba azikwe hapa, kwa kuwa watu wa kumzika wako hapa. Katika mfungo wa Ramadhani Bwana Mahfoudh alikaa naye kila alasiri, na swaumu yake, wakitazama televisheni iliyozimwa sauti. Selestine alifariki dunia Jumanne, tarehe 8 Septemba 2009, mchana, Pelagia akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Pelagia; watoto watatu, Belinda, Renatus na Oliva; wajukuu wawili; dada yake Paulina, na mdogo wake Godfrey anayewasomea haya. Bwana Mahfoudh aliomba jina lake liandikwe kati ya ndugu, na tumeliandika.

Mungu, asiyehitaji mkalimani, ampokee Selestine na ampe pumziko la amani.