Mwangwi Alioufuta Rawiri Haenga

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ngaire, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ingawa mwenyewe angeniambia nifupishe.

Marehemu Rawiri Haenga alizaliwa tarehe 11 Agosti 1951 huko Tolaga Bay, kijiji cha pwani, mtoto wa tano wa mzee Paora na mama Huhana, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari mjini Gisborne, na mwaka 1973 akahitimu shahada ya fizikia mjini Wellington. Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye meli ya utafiti, ambayo hufyatua hewa majini, mshindo ukashuka hadi ndani ya ganda la dunia, na kebo ndefu inayoburutwa nyuma ikanasa mwangwi unaorudi, na kazi yake ilikuwa kuusafisha mwangwi huo, kuuondolea kelele za mawimbi, za injini, na za viumbe wa baharini wenye magamba walioota kwenye kebo.

Tarehe 18 Februari 1978 alifunga ndoa na Maureen Tolley huko Lower Hutt, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Hemi, tuliokulia katika nyumba ambamo redio ilizimwa kila Baba aliporudi kutoka baharini, maana alikuwa amechoshwa na kelele. Mama alitangulia mwaka 2011.

Mwaka 1994 yeye na wenzake wa melini walipima bahari mbele ya Tolaga Bay, na kwa kuwa siku za meli zilikuwa chache, walifyatua kila baada ya sekunde ishirini, hivyo marehemu alipoona mwangwi hafifu, mstari mmoja tu kutoka chini kabisa, alidhani ni mabaki ya mshindo uliotangulia, akaufuta, na picha ya chini ya bahari iliyobaki na pengo ndiyo iliyotumika kukadiria matetemeko yanayoweza kuwafikia ndugu zake mwenyewe. Mwaka 2015 mwenzake wa kazini, Losa Faleafa, alipima pale pale, akisubiri dakika nzima kati ya mshindo na mshindo ili mabaki yaishe kwanza, akaja nyumbani na karatasi yenye mstari ule ule.

"Mzee, ule mwangwi ulioufuta haukuwa taka."

"Acha masihara, binti, niache ninywe chai."

Chai ile ilipoa akiikagua karatasi. Kesho yake aliwaandikia wenzake wote kwamba alikosea, na alipostaafu mwaka 2016 alianza kuzitafuta kanda za zamani zilizohifadhi vipimo vile, moja moja, ili aurudishe mstari ule kabla hajafa.

Machi 2022 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo, macho yakaanza kufifia, kanda sita zikiwa bado hazijasafishwa, na Losa akawa anamsomea namba naye akiamua kwa kusikiliza ipi ni mwangwi na ipi ni kelele. Tarehe 9 Juni 2023 Losa alileta picha iliyokamilika hospitalini, Baba akiwa haoni tena kabisa, hivyo Losa aliuchora mstari kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi ikabonyea, akamshika Baba kidole, akakitembeza juu yake.

"Taratibu, binti. Hapo. Hapo ndipo nilipoukata."

Alilia, nasi tukalia. Alifariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu bila kuombwa, wenzake wa melini, na wewe Losa, ambaye sasa ni dada yetu.

Nikimaliza tutanyamaza dakika moja, ile ile ambayo hakuisubiri mwaka 1994. Pumzika kwa amani, Baba, mstari wako umerudi mahali pake.