Mguu wa Kushoto wa Baba

Wapendwa wetu mlioketi chini ya turubai, na ninyi mliosimama kule ukutani kwa kukosa viti, karatasi hii ilikuwa isomwe na kaka yetu mkubwa, lakini tangu jana sauti imemkauka, kwa hiyo imeniangukia mimi kitindamimba, ambaye nyumbani nilizoea kusemewa, na leo ninasema kwa niaba ya mama, ndugu zangu watatu, wakwe na wajukuu tisa.

Baba yetu alizaliwa tarehe 11 Mei 1949, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao ambako babu alikuwa mlinzi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na bibi alipenda kutuhadithia kwamba alikuja duniani miguu ikitangulia, mkunga akatokwa jasho, akauliza huyu naye ana haraka ya kwenda wapi.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, shule yenye vyumba vinne vya kusomea, kilomita sita kutoka nyumbani, na kwa kuwa zamu ya kuchota maji asubuhi ilikuwa yake, alitoka nyumbani wenzake wakiwa wameshafika nusu ya njia, akawakuta, akawapita, wakaingia darasani wakamkuta ameshafungua daftari, hivyo mbio hakufundishwa na mtu. Alimaliza darasa la nane Desemba 1964, na cheti chake, ambacho mama amekitunza hadi leo, kinasema hesabu nzuri, mwandiko mbaya, na penye nafasi ya tabia mwalimu ameandika kwamba ni mtoto mtulivu sana anapokuwa anakimbia.

Baada ya vibarua vya hapa na pale, tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha magodoro, akaanzia kukata sponji, mwaka 1974 akahamia kushona, mwaka 1988 akawa msimamizi wa washonaji wote, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2009, na ninyi wenzake wa kiwandani mlikuwa mkimtania kwamba nusu ya mji inalala kwa mkono wake, ila godoro lake mwenyewe halijapata kubonyea. Aliamka saa kumi alfajiri, akakimbia kilomita kumi na mbili kabla ya kazi, alipotoka kazini saa kumi jioni akakimbia tena mpaka giza liingie, Jumapili akaenda kwenye mashindano, na kila alipoulizwa kama amepumzika jibu lake lilikuwa neno moja, bado, mpaka mtaa mzima ukamwita Mzee Bado, na akaitikia.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 21 Agosti 1976. Mama alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi lililokuwa kwenye kona aliyopita baba kila siku, akajua saa kwa kumwona, na siku baba aliposhindwa kupita kwa sababu ya goti lililovimba, mama aliangalia barabara mpaka akaunguza shati la mteja, ndipo alipojua kwamba mambo yameshaharibika. Asubuhi ya harusi bwana arusi alikimbia kama kawaida, akaja na nywele mbichi, na shangazi yake mama akasema mbele za watu kwamba wamemwoza mtoto wao penye mke mwenza, na mke mwenza huyo ni barabara. Watu walicheka sana, mama naye alicheka, lakini ametuambia wiki hii kwamba hakucheka sana.

Walijaliwa watoto wanne, kaka yetu mwaka 1977, dada zangu wawili mwaka 1979 na 1982, na mimi tarehe 3 Februari 1985, na sitaki kudanganya mbele ya jeneza lake, sisi tulikuwa na baba tuliyemjua kwa viatu. Tuliamka tukakuta vya kazini vimeondoka, tukalala tukiviona vya mbio bado havijarudi, na kati ya hapo tulisikia mlango.

Siku ya mapumziko aliiona kama mtu anayekuja kuomba kitu ambacho hukusudii kumpa. Mama alipomlazimisha Jumapili zisizo na mashindano, alikaa barazani, akafumba macho, na chini ya meza nyayo zake zikawa zinapanda na kushuka taratibu, anakimbia njia yake kichwani, nasi tulikatazwa kumsemesha mpaka afike, na alipofika, baada ya dakika hamsini hivi, alifumbua macho akiwa na jasho kidogo juu ya mdomo, akaomba maji. Maumivu nayo alikuwa na sheria yake, alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hivyo goti likivimba alilikaribisha siku mbili, likandwe, lipakwe dawa, lipewe heshima zote, na siku ya tatu analipeleka barabarani wakafanye kazi pamoja. Mama mkwe alimwonya kwamba haraka haraka haina baraka, akamjibu kwa adabu kwamba yeye hana haraka, anakimbia tu.

Tarehe 6 Aprili 1994, akiruka mtaro wa maji ya mvua, kano kubwa ya kisigino cha mguu wa kushoto ilikatika, akaletwa nyumbani juu ya mkokoteni, na hospitali ikamfunga plasta, kisha bandeji, ikamwambia kwamba safari hii mgeni huyu hapewi jembe. Wiki za mwanzo hakufaa kusogelewa. Kiwanda kilimtumia gari asubuhi, akashona akiwa ameketi, saa kumi na nusu akarudishwa, na hapo siku ilikuwa imebaki ndefu na nyeupe mbele yake, naye hajui aiweke wapi.

Basi akaanza kutuona. Akagundua kwamba mimi naandika kwa mkono wa kushoto, nikiwa na umri wa miaka tisa, akauliza tangu lini, na mama akatazama pembeni. Kisha zikaja zile jioni ambazo hadi leo sijui nizieleze vipi, tulipolala chali mkekani sebuleni, yeye katikati, mguu wake juu ya mto, pazia la kijani likiutia ukuta rangi ya maji, akatuambia tufumbe macho, akatuchukua njiani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa tunapita kwa fundi seremala, tunuse vumbi la mbao, sasa kilima, tupunguze hatua, tusishindane na kilima, sasa ukungu, hatuonani lakini tunasikiana tukihema, na kweli tulisikiana, na dada yangu mmoja akaapa kwamba amelowa miguu kwa umande. Siku moja mama aliiweka pasi chini akaja kulala pembeni yetu na nguo za kazi, tukakimbia sote sita, hakuna aliyeachwa nyuma, na tulipofika hakuna aliyetaka kufumbua macho.

Sasa nitasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi ya kaka. Mimi niliomba mguu ule usipone. Kila jioni kabla ya kulala nilipiga magoti, nikamsihi Mungu ampe baba afya yote isipokuwa kisigino, na tarehe 28 Agosti, siku ya mbio kubwa za wakongwe alizozisubiri miaka mitatu, alipokuwa bado na bandeji, amelala mkekani pamoja nasi, niliona kwamba mimi ndiye niliyemnyima, nikaona aibu, na bado nilifurahi. Tarehe 19 Septemba alifungua bandeji, akavaa viatu, akatoka, nami nililia siku nzima, nikasema hata Mungu yuko upande wa barabara. Kinyongo kile nimekaa nacho miaka mingi kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba tangu mwaka ule hakukimbia tena Alhamisi, alipotoka kazini alikuwa wetu mpaka tulale, lakini tulijua ni amri ya daktari.

Tarehe 9 Machi 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya mapafu, akapunguza mbio zikawa matembezi, matembezi yakawa kufika getini, na kwa miezi saba ya mwisho alikuwa kitandani katika chumba cha mbele. Nilimuuguza mimi, mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie juu ya zile sala, nikafunga, nikamuuliza kama anataka mto mwingine. Alifariki tarehe 14 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa amefumba macho, mkono wake umeshikwa na mama, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomhudumia wakati sisi tumeishiwa nguvu, inawashukuru majirani, hasa fundi seremala na mkewe, inawashukuru wenzake wa kiwandani na wakimbiaji wa asubuhi ambao wamesimama pale nyuma, na mimi kwa mdomo wangu ninamshukuru mama mmoja mwenye mtandio wa zambarau, aliyestaafu hospitalini, kitengo cha mazoezi ya viungo, ambaye juzi mchana alikuja msibani akauliza ni yupi kati yetu ndiye wa mwisho. Alinikalisha kando, akaniambia kwamba mguu wa baba ulipona tarehe 29 Julai 1994, kwamba alimruhusu siku hiyo hiyo akimbie kila siku kama zamani, na zile mbio za wakongwe angeziwahi. Baba aliomba bandeji nyingine, akamweleza kwamba nyumbani ana mtoto anayeomba kila jioni mguu usipone, amemsikia mlangoni, na hawezi kumwacha mtoto huyo aamini kwamba hasikilizwi. Alijifunga bandeji ile mwenyewe siku hamsini na mbili. Alirudi kwa mama huyu Septemba, anacheka, akamwambia kwamba mtoto sasa anaomba baiskeli, kwa hiyo anadhani ameshiba.

Nami kweli niliomba baiskeli, nilikuwa nimesahau.

Baba, siku zile ulipumzika kwa ajili yangu. Sasa pumzika kwa ajili yako mwenyewe.