Mwalimu Nangila na Wiki Thelathini na Moja

Marehemu Mwalimu Fridah Nangila Ndirangu alizaliwa Jumamosi, tarehe 11 Machi 1972, kando ya barabara, mama yake akirudi kutoka soko la Kamukuywa, Bungoma, na debe la mahindi lililokosa mnunuzi. Kwa Wabukusu, mtoto wa kike aliyezaliwa njiani ni Nangila, kwa hivyo jina halikuleta mjadala. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano wa Mama Nabwile na marehemu Mzee Walubengo.

Alisoma shule ya msingi na ya upili huko huko Bungoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990. Mdogo wake Nekoye, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alipelekwa shule naye kila asubuhi na hakumbuki hata siku moja waliyotembea. Ilikuwa mbio, na walifika kabla ya mwenye ufunguo. Nangila alipata diploma ya ualimu wa Kilimo mwaka 1994, kisha shahada ya kwanza na ya uzamili, zote akizisomea wakati wa likizo, wenzake wakipumzika.

Januari 1995 alianza kufundisha katika shule ya upili karibu na Kachibora, Trans-Nzoia, na huko akakaa miaka thelathini. Tukisema alikaa ni desturi ya lugha tu, maana wanafunzi wake watawaambia hawakuwahi kumwona kwenye kiti.

Alifunga ndoa kanisani mjini Kitale na Bwana Ndirangu, mkulima, tarehe 13 Desemba 1997. Mama mkwe wake, marehemu Mama Nyaruai, alimtazama siku ya kwanza akasema, "Huyu msichana anakunywa chai akiwa amesimama. Ndirangu, utaweza?" Aliweza.

Mwaka 2021 aliandikishwa kwa shahada ya uzamivu. Alitaka kujua jinsi akina mama wanavyohifadhi mbegu za maharagwe na kwa nini fukusi huzitoboa kwa mmoja na kuziacha kwa mwingine. Januari 2022 alichagua nyumba kumi kuzunguka Kachibora. Kila Jumamosi alipita akichota kikombe kimoja cha maharagwe na kuhesabu yaliyotobolewa. Nyumbani alikuwa na rejista ya darasa yenye mwanafunzi mmoja tu, yeye mwenyewe. Kila Ijumaa jioni aliita jina lake mbele ya familia. Kama kazi ya wiki ilifanyika, alijiwekea alama ya kuwepo. Kama haikufanyika, aliandika sufuri, na jioni hiyo hata paka alijua.

Kwa wiki thelathini na moja hakukuwa na sufuri. Kisha Jumamosi moja ya Agosti ikaingiliwa na harusi, naye akaamua kupita siku mbili mapema. Alimkuta Mama Jerono amekaa na ungo, akichambua maharagwe mazuri na kuyatia kwenye mkebe.

"Mwalimu! Si leo ni Alhamisi?" Mama Jerono alishtuka.

"Ni Alhamisi. Unafanya nini, mama?"

"Natengeneza ya kesho kutwa. Si wewe ni mgeni? Sasa nitakuonyesha maharagwe imetobolewa? Hiyo ni aibu, bana."

Alizunguka nyumba zote kumi siku hiyo. Tisa walikuwa wakichambua. Walimpenda, na mgeni hapewi kibovu.

Msimamizi wake wa chuo alimshauri alieleze jambo hilo katika aya moja na kuendelea. Ndirangu naye alimsihi, akimwita kwa jina la binti yao aliyerithi jina la bibi yake, "Mama Nyaruai, hiyo ni karibu mwaka mzima." Ijumaa alichukua kalamu nyekundu, akageuza alama zote thelathini na moja kuwa sufuri. Alilia akiandika, na familia haina haja ya kuficha hilo. Jumatatu alianza upya, mara hii bila siku maalum, na mkononi alibeba mkebe wa maharagwe yake mwenyewe yaliyoliwa na fukusi. Kila nyumba aliyaonyesha kwanza. Mama Jerono alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaingia ndani kuleta ya kwake.

Februari 2024, kazi ya mashambani ikiwa imekwisha na uandishi umeanza, alipatikana na saratani ya umio. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kutomaliza. Huko Eldoret alikotibiwa alimwambia daktari, "Usinipe miaka. Nipe wiki, nijipange." Daktari akasema wangoje waone. Kungoja kulimuudhi kuliko dawa. Aliandika kurasa mbili kwa wiki, wakati mwingine nusu, na wiki za matibabu aliziwekea sufuri ingawa bintiye alimwomba aziache wazi. Agosti mwaka huu wa 2025 aliwasilisha tasnifu. Chuo kikampangia kuitetea Jumanne, tarehe 21 Oktoba.

Kaka yake Wanyonyi alipokuja kumwona mwanzoni mwa mwezi huu alimsalimia, "Sasa, Daktari!"

"Niite hivyo tarehe ishirini na moja, saa sita mchana," alijibu kwa sauti iliyokwisha. "Saa hizi ni uongo."

Alifariki nyumbani Kachibora alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025. Tunamzika leo Jumamosi, tarehe 18. Zimebaki siku tatu. Inatuuma, na hatutasema haituumi.

Wanyonyi alikuwa ameagiza msalaba ulioandikwa "Dkt." Wengi wetu tuliona ni haki yake. Tulibishana jioni mbili, mpaka Ndirangu akasema, "Siku moja mtanizika hapa kando yake. Ataniuliza nani aliandika hiyo. Mtataka niseme nini?" Fundi alikwangua rangi jana asubuhi. Msalaba mtakaouona unasema "Mwl."

Ameacha mume wake, Bwana Ndirangu, watoto Mary Ann Nyaruai, Ngari na Tonny Walubengo, mama yake, Mama Nabwile wa Kamukuywa, ndugu zake Wanyonyi, Nekoye, Edah na Nakhungu, mjukuu mmoja, na akina mama kumi wa Kachibora, ambao wameomba wahesabiwe kama familia na wameketi safu ya pili.

Mungu ampokee, na amvumilie. Apumzike kwa amani Nangila wetu, ingawa tunajua kupumzika kwenyewe itabidi afundishwe.