Bernadine Rudzik, Aliyekubaliana na Mwamuzi

Marehemu Bernadine Rudzik alizaliwa tarehe 3 Februari 1942 mjini Harlan Falls, Ohio, mtoto wa tatu wa Casimir na Stella Wolanski. Kila Jumapili baada ya misa baba yake alimbeba mabegani hadi uwanjani kutazama besiboli, na timu ya mji, Korongo, ikawa yake tangu hapo.

Alisoma shule ya parokia ya Mtakatifu Hedwig, kisha akamaliza sekondari Juni 1960. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa ubishi.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwa dobi wa Mtaa wa Alder, aliyefua sare za Korongo. Wachezaji aliwajua kwa uchafu wao. Jezi ya Orville Tandy, mrushaji wa mkono wa kushoto, ilinuka vitunguu msimu mzima wa 1961. Suruali za Leonard Rudzik zilikuja zimechanika magotini kila wiki.

Katika fainali ya Septemba 1963, Leonard alikimbilia kibao cha nyumbani, ambapo mkimbiaji hupata pointi, ili kusawazisha. Mwamuzi akasema mdakaji wa wapinzani amemgusa kwa glavu yenye mpira kabla hajakifikia, hivyo ametolewa, na kombe likaenda kwa wapinzani. Watu walizomea na kurusha chupa. Leonard aliokota kofia yake akaondoka. Wiki hiyo Bernadine alimpelekea nguo zake zikiwa zimefuliwa, akamwambia kwamba mwamuzi aliona sawasawa. Leonard akamuuliza kama amekula. Walifunga ndoa tarehe 16 Mei 1964, wakajaliwa watoto wawili.

Timu ilivunjwa mwaka 1971. Mashabiki wachache wakawa wanakutana kila Jumamosi jikoni kwa Bernadine, kwa kahawa na keki ya tufaha, wakiirudia misimu ile mchezaji kwa mchezaji. Kinyozi Delbert Haines aliapa daima kwamba Leonard alifika kibaoni bila kuguswa.

“Huyo ni mumeo, Bernadine. Humtetei hata kidogo?”

“Nitamtetea akiwa na haki, Del. Kula keki yako.”

Leonard alikuwa akiosha vikombe. Miaka yote hakuegemea upande wowote.

Oktoba 2021 moyo wa Bernadine ulianza kudhoofika, na Machi akalazwa. Delbert alikwenda kumwona, akamwambia amefikiri sana na pengine mwamuzi hakukosea.

“Usinionee huruma,” Bernadine alimjibu. “Bisha kama siku zote.”

Ndipo Leonard, aliyekuwa amesimama dirishani, akasema bila kugeuka, “Mdakaji alinigusa. Begani. Niliihisi glavu.”

“Najua,” Bernadine akasema. “Alama yake ilikuwa kwenye jezi. Niliifua mimi.”

Delbert aliomba kiti, akaketi.

Bernadine alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 12 Aprili 2022, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini. Leonard alikuwa ameteremka kununua kahawa. Alirudi na vikombe viwili.

Ameacha mume wake Leonard, binti yake Roberta, mwanawe Eugene, wajukuu wanne, na dada yake Irena. Jumamosi iliyopita mashabiki walikuja kama kawaida. Walikunywa kahawa, hakuna aliyetaja mchezaji yeyote, wakaondoka mapema.

Mungu ampokee Bernadine, alale salama.