Daftari la Mzee Pumzi na Kamongo Kumi na Tisa

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani, nasoma haya kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa kike, na mtanisamehe nikisoma bila kupamba, kwani marehemu hakupenda hesabu iliyopambwa.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Pumzi, alizaliwa tarehe 6 Machi 1956, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na sekondari hadi 1974, akaishia kidato cha nne, si kwa kukosa akili, bali baba alifariki mwaka huo na cherehani ilihitaji miguu ya kuikanyaga.

Tarehe 2 Januari 1976 aliajiriwa kuwa mhudumu wa matangi katika kituo cha utafiti wa samaki, kazi yake ikiwa kufagia, kubadilisha maji na kuwalisha kamongo, samaki mwenye mapafu ambaye asipopanda juu kuvuta hewa hufa maji kama mtu, na ni yeye, bila kutumwa, aliyeanza kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuandika daftarini kila samaki alipotoa pua. Mkewe, aliyemuoa tarehe 15 Desemba 1984, alikuwa akitania kwamba ana wake wenza kumi na tisa, wote wana mikia. Daftari hilo lilionyesha kwamba kamongo mwenye njaa hupanda mara mbili kwa saa, lakini akishiba hupanda mara saba au nane, siku nzima na zaidi, kwa kuwa mwili unaosaga chakula unafanya kazi nzito na unadai hewa.

Walijaliwa watoto watatu, wa 1986, wa 1989, na wa mwisho tarehe 20 Juni 1995, na hapo nina uchungu ambao sitauficha.

Siku kumi na moja kabla ya mtoto huyo kuzaliwa, kituo kilipokea wageni, mkuu wa maabara akaagiza kamongo walishwe mpaka washibe, kisha wavu ushushwe chini ya uso wa maji wasije wakawarushia wageni maji, maana siku za kusafisha matangi wavu huo ulishushwa saa nzima bila madhara. Marehemu alimfuata na daftari mkononi, akamweleza kwamba siku za kusafisha samaki huwa na njaa, na kwamba walioshiba hawatafika hata nusu ya muda huo, akajibiwa kwamba mfagiaji hamfundishi daktari. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini katika matangi yale mwenye shibe ndiye aliyekufa, wote kumi na tisa, hotuba zikiendelea.

Barua ya kituo ikasema wamekufa kwa uzembe wa mhudumu aliyewalisha kupita kiasi, na kaka akaisaini, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kituo na mkewe alikuwa na mimba pevu. Aliachishwa kazi hata hivyo, akarudi kwenye cherehani ya baba. Mwaka 1997 hesabu zake, ambazo mkuu aliwahi kuzinakili alipoliazima daftari, zilichapishwa kwa jina la mkuu, pamoja na jumla moja ambayo kaka aliikosea.

Mwaka 2018 mapafu yake mwenyewe yalichoka, kila akila sahani nzima pumzi zinamkimbia, nasi tunamsihi ale apate nguvu, mpaka alipoomba daftari, akahesabu pumzi zake kabla na baada ya uji, tukaacha kumsihi. Alifariki tarehe 11 Februari 2021, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba hadi kwenye gari, na wafanyakazi wenzake wawili waliokuja kumwona. Tunamshukuru pia aliyekuwa mkuu wake, aliyeketi mstari wa mbele na shada la maua. Daftari liko kando ya jeneza, limefunguliwa tarehe 9 Juni, nasi hatutalifunika jeneza mpaka mkuu huyo asome.

Pumzika kwa amani, kaka. Ulimwambia.