Bi. Nettie Perepelkin na Swali la "Uko Wapi?"

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Bi. Nettie Perepelkin anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024. Aliingia kampuni yetu ya Larchwood mwaka 1987 akiwa mfungaji wa pakiti za chai ya mitishamba, na anatoka akiwa Mkuu wa Chapa na Harufu, cheo ambacho hakikuwepo kabla yake na ambacho mpaka leo hatujui tutampa nani. Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi wa usafirishaji niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye tangu enzi za chai. Nadhani pia anajua kuwa siwezi kukataa kazi inayoambatana na chakula cha bure.

Wageni wa juzijuzi hawaamini kwamba hapa tulikuwa tunauza chai tu. Jengo la zamani lile, lenye paa la bati jekundu, lilijaa mnanaa kutoka sakafuni hadi darini, na Nettie alikaa karibu na mashine ya kuusaga. Kulikuwa na chai moja iliyoitwa Mchanganyiko Namba Nne, ambayo hata wafanyakazi tuliopewa bure tuliisahau kabatini. Siku moja Nettie alichukua konzi yake, akapita nayo meza hadi meza, akatuamuru tufumbe macho, tunuse, tuseme tuko wapi. Mmoja akaanza kusema inanukia kama majani makavu, Nettie akamkatiza.

"Sijakuuliza inanukiaje. Nimekuuliza uko wapi."

Yule mwenzetu akasema yuko kwa babu yake, nyasi zimekatwa asubuhi, na mbwa amelala juu ya hizo nyasi. Chai ikabatizwa jina jipya, Nyasi za Babu, na ikawa ndiyo inayouzika kuliko zote mpaka tulipoacha biashara hiyo. Tangu siku ile swali lake likawa sheria ya nyumba hii. Ukimpelekea kitu chochote akinuse, jiandae kuulizwa uko wapi, na ole wako ujibu kwamba uko ofisini.

Mwaka 2018 serikali ya Kanada ilipohalalisha bangi nchi nzima, soko la chai lilikuwa hoi. Mkurugenzi wetu, Bi. Maxine Ostrander, akaamua kujenga jengo jipya na kuingia kwenye biashara ya maua ya bangi. Nettie ni Mdukhobor wa ukoo hasa, wale Wakristo waliohamia huku kutoka Urusi: pombe hapana, nyama hapana, moshi wa aina yoyote hapana. Mama yake, Bi. Fenya, ambaye sasa amevuka miaka tisini na bado anaimba kwaya, alimkalisha jikoni mbele ya sufuria ya boshi, supu yao ya mboga.

"Nettie, mwanangu, ni kweli unauza bangi?"

"Nauza harufu, mama."

"Basi harufu hiyo iache nje ya mlango. Na miguu ufute."

Akafuta miguu, akala boshi, na kesho yake akaja kazini. Mpaka leo hajawahi kuvuta hata mara moja. Wanaodhani huwezi kuipenda kazi hii bila kuvuta hawajamwona Nettie akinusa ua lililokaushwa vizuri. Hutabasamu kama mtu aliyepigiwa simu na mjukuu.

Mwanzoni tuliletewa wataalamu kutoka Vancouver watufundishe kwamba mteja hununua kwa macho, masikio, pua na vidole. Walikuwa na picha nzuri sana. Walipomaliza, Nettie akafungua kanuni za ufungashaji, akasoma kwa sauti: boksi lising'ae, liwe na rangi moja, lisiwe na michoro iliyoinuka, lisitoe harufu, lisitoe sauti. Nettie akavua miwani.

"Kwa hiyo wametuachia kulilamba tu?"

Tulicheka mpaka mmoja wa wale wataalamu akamwaga kahawa yake. Lakini Nettie hakuwa anatania tu, alikuwa anatafuta upenyo. Alichagua rangi moja, ile ya kijani iliyofifia ya kuvu kwenye magome. Alichagua mtungi wa kioo wenye kitako kizito, ili mkono wa mteja ujue umeshika kitu. Alitupanga mstari tufungue na kufunga vifuniko vya kila kiwanda hadi vidole vikatuuma, kwa kuwa alisema kifuniko kikikwaruza kama mlango wa gari bovu, mtu atahisi amenunua gari bovu. Na kwa kuwa dukani muuzaji anaruhusiwa kumwonjesha mteja harufu kutoka kwenye mtungi wa kunusia, akawafundisha wauzaji swali lake. Halikuandikwa kwenye boksi wala kwenye tangazo. Liliishi mdomoni tu.

Hapo ndipo anapoingia Orville Tait. Wengi mnamjua, yule mkulima wa bonde la Slocan mwenye ndevu za kukamatia mvua. Orville alikuwa amelima kwa kujificha msituni karibu maisha yake yote, na sasa alikuwa ameweka rehani shamba la familia ili apate leseni na kulima hadharani. Mavuno yake ya kwanza halali yalikuwa ya ua la aina moja lenye harufu ya ajabu, nzito na yenye unyevu, ambalo wanunuzi wawili walikwisha kulikataa wakidhani limeota ukungu. Nettie alilinusa macho yakiwa yamefumbwa.

"Niko kwenye banya ya bibi," akasema. "Matawi ya mberoshi yamelowa, mawe yana moto, na bibi ananiambia nisikimbie nje uchi."

Kila Mdukhobor wa bonde hili ana banya moyoni, bafu lile la mvuke nyuma ya nyumba. Jina likapatikana palepale, Banya, na Maxine akalinunua zao lote. Orville alimshika Nettie mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, shamba hili likienda, itabidi nirudi kujificha msituni. Na umri huu magoti hayataki."

Mzigo wa kwanza wa Banya niliupeleka mwenyewe Januari 2020. Siku chache baadaye simu ililia mezani kwa Nettie. Alikuwa Bi. Jasvir Dhaliwal, mwenye duka kule Kelowna, mwanamke asiye na subira na mwenye ukarimu mkubwa, vyote kwa pamoja.

"Bi. Nettie, mimi nimeagiza bangi. Mbona umeniletea chai?"

"Chai gani tena, dada?"

"Mnanaa! Duka zima linanuka dawa ya meno!"

Mitungi ilikuwa salama na ua lilikuwa zuri. Yaliyonuka ni maboksi. Kanuni inasema wazi kwamba boksi lisitoe harufu, na la kwetu lilikuwa linatoa, tena kwa bidii. Msambazaji anayesimamia bidhaa zetu madukani akarudisha mzigo wote, akatupa wiki mbili tuufunge upya, la sivyo Banya ingeondolewa kwenye orodha na Orville angebaki na zao lisilo na mnunuzi.

Niliporudi na lori, Nettie alipanda nyuma, akaingiza kichwa chote ndani ya boksi moja. Akatoka, akaingiza tena. "Sisikii kitu," akasema. Nami nikanusa, sikusikia kitu. Maxine akanusa, hakusikia kitu. Tulisimama pale uani kwenye theluji, nusu ya wafanyakazi wa kampuni vichwa vikiwa ndani ya maboksi, mpaka Leonard wa posta alipofika na barua na kuuliza tumepatwa na nini. Tukampa boksi anuse.

"Si mnanaa huo, jamani! Kwani hamjui? Ninyi nyote mnanuka mnanaa. Hata barua zenu zinanuka mnanaa."

Ndivyo ilivyokuwa. Maboksi matupu yalikuwa yamehifadhiwa kwenye lile jengo la zamani la chai, kwa sababu ni kavu, na Nettie ndiye aliyepachagua. Mashine ilizimwa zamani lakini mbao zilikuwa zimekunywa mnanaa kwa miongo mitatu, na sisi tulikuwa tumeunywa pamoja nazo. Pua inayokaa ndani ya harufu huacha kuisikia. Sijui kampuni nyingine duniani ambayo ingeweza kufanya kosa hilo.

Nettie alipanda ofisini kwa Maxine, akavua kitambulisho chake, akakiweka mezani. "Tafuteni pua nyingine. Hii imekufa, na itamzika Orville nayo." Sijawahi kumwona amenyong'onyea namna ile kabla wala baada. Aliumia kweli, na sisi tuliokuwa mlangoni tuliumia naye.

Maxine hakuinua hata macho. "Pua yako hujui iko wapi, basi azima ya Leonard. Una wiki mbili. Na hicho kitambulisho kivae, utashindwa kuingia getini."

Kilichofuata ni kazi ninayopenda kuisimulia. Kisheria mitungi haikuruhusiwa kutoka nje ya uzio wetu, ila boksi tupu ni boksi tupu, laweza kukunjwa na kubandikwa lebo popote. Maboksi mapya yalipofika, tatizo likawa kupata mahali pasipo na harufu. Nettie alimshika Leonard mkono wa koti, wakazunguka mji mzima. Ukumbi wa Wadukhobor ulikataliwa mlangoni: boshi. Shule ikakataliwa: soksi. Kanisa moja likakataliwa kwa mishumaa, na Leonard akaomba radhi kwa mchungaji. Mwisho wakaingia kwenye uwanja wa barafu, ule ambao wazee wetu husukumia mawe yao ya mchezo jioni. Leonard akavuta pumzi ndefu.

"Hapa hamna kitu. Baridi tu."

Ila nani angekunja maboksi hayo? Sisi wafanyakazi ndio tulikuwa mnanaa wenyewe, tukakatazwa kusogea. Nettie akaenda jikoni kwa mama yake na kumweleza yote, bila kujitetea. Bi. Fenya alifikiri, akafunika sufuria, akainua simu.

Asubuhi iliyofuata kwaya nzima ya kina mama ilikuwa kwenye barafu, wamevaa makoti yaliyopigwa upepo usiku kucha, vitambaa kichwani, wakikunja maboksi ya bangi na kuimba zaburi kwa Kirusi. Sisi tulizuiwa nje, tukitazama kwa dirisha. Mtu alimtania Bi. Fenya kwamba leo ameiruhusu bangi.

"Boksi tupu si dhambi," akajibu. "Kunja, acha maneno."

Maboksi yakaingia jengo jipya kwa mlango wa nyuma, tukavalishwa ovaroli mpya na glavu tuweke mitungi ndani, na Leonard akanusa kila rundo kabla ya kupakiwa. Mzigo ulifika Kelowna ikiwa bado imesalia siku moja. Nettie alikuja nami kwenye lori, na njia nzima hakusema neno, jambo ambalo wanaomjua watakataa kuliamini. Jasvir alifungua boksi la kwanza, akalinusa nje na ndani, akanuna, akalinusa tena. Kisha akafungua mtungi wa kunusia na kumsogezea seremala mmoja mzee aliyekuwa amekuja tu kukwepa baridi.

"Fumba macho, mzee. Uko wapi?"

Yule mzee akafumba macho, akanusa. "Niko kwa bibi," akasema. "Theluji imefika dirishani. Anamwagia mawe maji."

Nettie aligeuka akatazama rafu za upande wa pili, na mabega yake yakawa yanatikisika. Jasvir akaagiza mara mbili ya alichoagiza mwanzo. Leo Banya inauzwa katika mikoa minne, na Orville analima ardhi yake ileile mchana kweupe. Ameahidi kuja Ijumaa na kuchana ndevu.

Mengine ya Nettie mnayajua: vijana aliowafundisha ambao sasa ni wakuu wa chapa kwenye kampuni nyingine na bado humpigia simu kuuliza, jinsi alivyokataa katakata kuongeza manukato kwenye ua lolote, akisema ua likidanganya mara moja halirudishiwi pua, keki zake za jibini ambazo zimeniharibia mikanda mitatu. Ni mkali, ni msahaulifu wa funguo, na hajawahi kumwacha mtu yeyote ale peke yake kantini.

Mwezi uliopita alikwenda likizo yake ya mwisho, kwa mwanawe kule Halifax, pwani ya mashariki. Jumatatu hii alirudi kukabidhi ofisi. Alisukuma mlango wa jengo la zamani, ambako meza zetu ziko mpaka leo, akasimama kizingitini kama aliyegonga ukuta.

"Jamani! Kumbe tunanuka hivi?"

Tuligeuka sote. Pua yake ilikuwa imepumzika, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake aliusikia ule mnanaa. Alisimama na mkono kifuani, machozi yakimtiririka, anacheka. Msichana mmoja wa ufungashaji akasimama na kumuuliza swali ambalo yeye ametuuliza sote.

"Bi. Nettie, uko wapi?"

Akafumba macho, akavuta pumzi. "Niko kazini," akasema.

Asante, Bi. Nettie, kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya njema, banya yenye moto wa kutosha na asubuhi zisizo na saa ya kukuamsha. Ukitukumbuka, njoo usukume ule mlango. Sisi hatusikii kitu, lakini wewe utajua uko wapi.

Rollie Fournier, Idara ya Usafirishaji